Mashine ya mabati ilipomsingizia kijana: enkoda ni kitu gani, na huhesabu vipi

Simu iliingia saa mbili usiku, mvua ya vuli ikinyesha. "Ami, shikamoo. Nimesimamishwa kazi. Wasema naiba bati."

Kijana huyu ni mtoto wa jirani yangu wa zamani kule Mtongwe. Anafanya kazi ya kuendesha mashine katika kiwanda cha kukunja mabati, upande wa bara wa mji wetu wa Mombasa. Kiwanda sitakitaja. Kisa chenyewe kilikuwa hivi: mteja wa Kwale alinunua mabati 60 ya mita 3. Mafundi wake walipopanda juu ya paa wakakuta kila bati limepungua kama sentimita 5. Juu kabisa, pale mabati ya pande mbili yanapokutana, pakabaki uwazi ambao hata kofia ya paa haikuweza kuufunika vizuri. Mteja akarudi na hasira zake, na haki alikuwa nayo.

Msimamizi akapiga hesabu. Sentimita 5 mara mabati 60 ni mita 3, yaani bati moja zima. Akaona mambo yamejieleza: kijana ameingiza kipimo kifupi kwenye mashine, bati moja la ziada likapita mlango wa nyuma, kisha akarudisha kipimo cha kweli. Kijana akikana huku akitetemeka, akajibiwa maneno ambayo nimeyasikia viwandani kwa miaka 22 niliyofanya ufundi wa umeme wa mitambo: mashine haikosei, mtu ndiye hukosa.

Nikamwambia, "Lala mwanangu. Kesho nitakuja."

Ndugu msomaji, kabla sijakueleza nilichokikuta, ni lazima nikujulishe kifaa kidogo ambacho pengine hujapata kusikia jina lake, ingawa kinaongoza lifti unayopanda, kreni zinazoshusha makontena na mashine iliyokata bati lililo juu ya kichwa chako. Kinaitwa enkoda.

Mashine ya mabati ni rahisi kuielewa. Upande mmoja kuna bati lililoviringishwa kama mkeka mkubwa, mafundi huliita koili. Linavutwa kupitia safu za rola zinazolipa mawimbi au umbo la boksi, na mwishoni kuna kisu cha kulikata. Sasa kisu kitajuaje kuwa mita 3 zimefika? Karibu na kisu kuna gurudumu dogo lenye mpira, linakaa juu ya bati na kuzunguka kadiri bati linavyopita. Nyuma ya gurudumu hilo kuna mkebe wa chuma, ukubwa wake ni kama kikombe cha kahawa, na waya unatoka ndani yake kwenda kwenye kompyuta ya mashine. Mkebe ule ndio enkoda.

Ndani ya mkebe mna kisahani chembamba kilichofungwa kwenye mhimili. Ukingoni mwake kimetobolewa au kuchorwa mianya midogo midogo iliyo sawa, mingine ikifika elfu kwa mzunguko mmoja. Upande huu wa kisahani kuna taa ndogo ya LED, upande wa pili kuna jicho la elektroniki linalohisi mwanga. Mhimili ukizunguka, mwanga unapita, unazibwa, unapita, unazibwa. Kila mwanga unapopita, jicho hutuma pigo moja la umeme. Kompyuta kazi yake ni kuhesabu mapigo.

Wa umri wangu wanakumbuka vile vipanya vya kompyuta vilivyokuwa na mpira mzito chini. Ukikifungua usafishe uchafu, ulikuwa unaona vijigurudumu viwili vyenye mianya. Zile zilikuwa enkoda. Na ile swichi ya sauti kwenye redio za magari ya siku hizi, ambayo unaizungusha bila kufika mwisho, hiyo nayo ni ya ukoo huo huo.

Lakini kuhesabu mapigo peke yake hakutoshi, maana pigo halisemi mhimili umezunguka kwenda wapi. Bati likirudi nyuma kidogo, mashine itahesabu kana kwamba limekwenda mbele. Dawa yake ni ya werevu sana, nami huwaeleza vijana kwa mfano wa feri ya Likoni. Chukulia walinzi wawili wamesimama mlangoni mwa feri, mmoja upande wa barabara, mwenziwe hatua moja mbele upande wa maji. Wa barabarani akikuona kwanza kisha wa majini, unaingia. Wa majini akianza, unashuka. Hakuna haja ya kukuuliza.

Ndani ya enkoda mna macho mawili kama walinzi hao, A na B, yamewekwa yakipishana robo ya hatua ya mwanya. A ikitangulia, mzunguko ni wa kwenda mbele. B ikitangulia, ni wa kurudi. Na kuna faida ya ziada. Katika kila mwanya kunatokea mambo manne: A inafunguka, B inafunguka, A inafungwa, B inafungwa. Kompyuta ikiyahesabu yote manne, kisahani cha mianya 1,000 kinatoa hesabu 4,000 kwa mzunguko mmoja. Kwa kawaida huwa pia na jicho la tatu, Z, linalotoa pigo moja tu kila mzunguko, kama alama ya kusema hapa ndipo mwanzo.

Kasi nayo inapatikana humo humo, kwa kuangalia mapigo mangapi yameingia kwa muda fulani. Mota inayozunguka mara 1,500 kwa dakika ni mizunguko 25 kwa sekunde. Enkoda yake ikiwa ya mapigo 1,024, kompyuta inapokea mapigo 25,600 kila sekunde. Yakipungua, mota imelemewa, iongezewe nguvu. Haya yote yanafanyika kabla hujapepesa jicho.

Sasa turudi kiwandani. Gurudumu la mashine ile limetengenezwa mzingo wake uwe milimita 200. Mzunguko mmoja, bati limesogea sentimita 20. Mita 3 ni mizunguko 15. Kwa enkoda ya mapigo 1,000, pigo moja ni sawa na milimita 0.2, na ukihesabu yale mambo manne inashuka hadi milimita 0.05, wembamba wa karatasi. Kifaa chenye macho makali namna hii kinawezaje kupunguza sentimita 5?

Nilimwomba msimamizi anikatie mabati matatu mbele ya macho yake, na aingize kipimo yeye mwenyewe. Kioo cha mashine kikaandika 3000, milimita kamili, kwa kila bati. Nikatoa futi kamba. La kwanza, mita 2 na sentimita 95.3. La pili, vile vile. La tatu, vile vile. Nikamtazama. Mwizi hakosei sawasawa namna hiyo.

Nikafungua lile gurudumu nikalipima kwa kalipa. Gurudumu jipya la aina hiyo lina kipenyo cha milimita 63.7. Hili lilikuwa 62.7. Mpira umelika milimita 1 tu, nusu yake kila upande, kwa miaka ya kusuguana na chuma. Kwa jicho huwezi kuona. Lakini kipenyo kikipungua milimita 1, mzingo unapungua milimita 3.14. Zidisha kwa mizunguko 15: milimita 47. Hizo ndizo sentimita 4.7 zilizomlaza kijana nyumbani.

Enkoda haikukosea hata pigo moja. Ilihesabu mizunguko 15 ikawa 15 kweli. Kosa ni kudhani kuwa enkoda inapima bati. Enkoda haijui bati. Inajua mhimili wake umezunguka kiasi gani, basi. Yale mengine yote, kwamba mzunguko mmoja ni sentimita 20, kwamba gurudumu halitelezi, kwamba mpira haujalika, ni maneno ambayo binadamu aliiambia kompyuta siku mashine ilipofungwa, na kompyuta imeendelea kuyaamini. Ile 3000 kwenye kioo si kipimo cha bati, ni imani ya mashine.

Gurudumu linaweza kupotosha upande wa pili pia. Bati likiwa na mafuta mengi gurudumu huteleza, linazunguka pungufu, na bati linatoka refu kuliko ilivyoagizwa. Uchafu ukigandamana kwenye mpira, gurudumu linanenepa, matokeo ni yale yale. Nimegundua jambo moja katika kazi hii: kosa linalomtia hasara mwenye kiwanda hupatikana wiki hiyo hiyo. Linalompunja mteja hudumu.

Na zile karibu mita 3 za mteja wa Kwale zilikwenda wapi? Hazikupita mlango wa nyuma. Zilibaki kwenye koili, zikauziwa mteja aliyefuata, naye akapunjwa vile vile. Kama kuna aliyefaidika, ni kiwanda, bila ya kujua. Nilimweleza msimamizi hivyo taratibu, akanyamaza kwa muda.

Kwa kuwa nimeshafungua mlango huu, niseme kidogo kuhusu enkoda za aina nyingine, maana maswali haya huulizwa sana na vijana wa vyuo vya ufundi.

Enkoda niliyoieleza ina udhaifu mmoja mkubwa: inahesabu, haikumbuki. Stima ikipotea, na hapa petu hilo halihitaji maelezo, hesabu inafutika. Kwa mashine ya mabati si shida, unaanza bati jipya. Lakini mkono wa roboti, au mtambo uliosimama katikati ya kazi, stima ikirudi haujui uko wapi. Ndiyo sababu mitambo mingi ukiiwasha huanza kwa kusogea polepole hadi igonge swichi fulani. Inatafuta nyumbani kwake ianze hesabu upya.

Pale ambapo kusogea gizani ni hatari hutumika enkoda inayojua mahali pake. Kisahani chake hakina mstari mmoja wa mianya bali duara kadhaa, moja ndani ya nyingine, kila moja na jicho lake. Kila jicho linaona mwanga au giza, moja au sufuri, na mkusanyiko wake ni namba ya mahali hapo hapo. Duara 12 hutoa mahali 4,096 tofauti katika mzunguko mmoja. Stima ikatike mwaka mzima, ikirudi kifaa kinasoma namba iliyo mbele yake na kusema niko hapa.

Hapo palikuwa na mtego. Katika hesabu ya kawaida ya sufuri na moja, tatu ni 011 na nne ni 100. Kutoka tatu kwenda nne, tarakimu zote tatu zinabadilika, na macho hayawezi kubadilika pamoja kabisa. Moja likitangulia mengine kidogo tu, mashine inaweza kusoma 111, ambayo ni saba, ikadhani imeruka. Frank Gray, mtafiti wa maabara ya Bell huko Marekani, aliomba hataza mwaka 1947, akaipata 1953, ya mpangilio ambao ukisogea hatua moja ni tarakimu moja tu inayobadilika. Tatu inaandikwa 010, nne 110. Jicho likichelewa, kosa haliwezi kuzidi hatua moja. Gray alikuwa akishughulikia mawasiliano, wala si mitambo ya viwandani, lakini hadi leo visahani vingi vya enkoda vinachorwa kwa mpangilio unaoitwa kwa jina lake.

Kama mhimili unazunguka mara nyingi, kama pipa la kreni linalozungushia kamba ya chuma, inabidi kujua pia ni mzunguko wa ngapi. Nyingine zina giya ndogo ndani, kama saa ya mkononi ambapo mshale wa dakika unausogeza wa saa. Nyingine hutunza hesabu kwa betri, na betri ikifa bila mtu kuibadilisha, siku hiyo kuna kazi.

Halafu kuna hewa yetu hii ya chumvi. Enkoda ya mwanga ni kama jicho la binadamu, haipendi vumbi wala ukungu. Tone la mafuta likiingia kwenye kisahani, mapigo yanaruka. Kwa hiyo pwani napendelea za sumaku panapowezekana: badala ya taa na mianya kuna sumaku kwenye mhimili na vihisi vinavyosoma jinsi nguvu yake inavyogeuka. Zile za kawaida usahihi wake huwa chini ya za mwanga, lakini vumbi na mafuta hazivijali. Ukinunua, tazama alama ya IP. Katika IP67, ile 6 ni kwamba vumbi haliingii kabisa, na 7 ni kwamba kifaa kinastahimili kuzamishwa hadi mita 1 kwa nusu saa. Lakini mkebe ukiwa imara na kiungio cha waya kikiachwa wazi kipate kutu, umefunga mlango ukaacha dirisha.

Waya nao ni mgonjwa wangu wa mara kwa mara. Mapigo ya enkoda ni umeme mdogo, na kando yake mara nyingi mtu amepitisha waya za mota zinazotoka kwenye inveta, ambazo zina kelele nyingi za umeme. Kelele ikiingia, kompyuta inahesabu mapigo ambayo hayakutokea. Enkoda nzuri hutuma kila pigo kwa waya mbili, moja ikipanda nyingine ikishuka. Kelele ikija inazipiga zote mbili kwa namna moja, na kompyuta ikitoa moja kwa nyingine, kelele inajifuta, pigo linabaki. Juu ya hilo, waya uwe umevikwa wavu wa chuma uliounganishwa na ethi, na upitishwe mbali na waya za mota. Nimeitwa mara nyingi kubadilisha enkoda ambayo haikuwa na kosa. Nilihamisha waya tu nikaenda zangu.

Kinachonitia hofu zaidi si waya wala vumbi. Ni skrubu. Enkoda ya mota huungwa na mhimili kwa kiungio kidogo kinachobanwa na skrubu usiozidi punje ya mchele. Ukilegea, mota inazunguka na enkoda imesimama. Kompyuta inaona mapigo hayaji, inaamini mota haijatembea, inaiongezea nguvu. Bado haijatembea, inaongeza tena. Katika kiwanda kimoja nilishuhudia meza ya chuma ikiondoka kwa kasi hadi kugonga kizuizi cha mwisho, na aliyekuwa ameegemeza mkono pale alikuwa ameuondoa dakika hiyo hiyo kufuta jasho. Kompyuta iliyopangwa vizuri inatakiwa isimamishe mota ikiona inapewa nguvu na mapigo hayaji. Ile haikuwa imepangwa hivyo.

Kwa sababu hiyo kreni haiachiwi enkoda peke yake. Enkoda ya pipa inajua pipa limezunguka kiasi gani, haijui kama kamba imenyooka au imelegea. Huwekwa swichi za mwisho zinazoguswa na chuma chenyewe kikifika juu mno, shahidi wa pili asiyetegemea hesabu za wa kwanza.

Kwenye mashine ya mabati shahidi wa pili ni futi kamba. Tulifunga gurudumu jipya, tukakata bati la majaribio, kioo kikasema 3000 na futi kamba ikakubali. Nikawaandikia kwenye kipande cha kadi: bati la kwanza kila asubuhi lipimwe kwa mkono, na kila koili mpya ikifungwa lipimwe tena. Nawe mteja, mizani ya duka hukaguliwa na kupigwa muhuri chini ya Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, na umezoea kuitazama kabla ya kulipa. Ukienda kununua mabati beba futi kamba yako, pima matatu manne kabla ya kupakia kwenye lori. Hakuna fundi mwenye akili atakayechukia.

Mteja wa Kwale alikatiwa mabati mengine 60. Kijana aliitwa kazini, akapewa ufunguo wa mashine na futi kamba mpya ambayo sasa inaning'inia kwenye msumari kando ya kioo. Hakuna aliyemwomba radhi mbele ya wenzake waliosikia akiitwa mwizi. Siku 11 alizokaa nyumbani zilikatwa kwenye mshahara, na nilipomuuliza juzi, bado hazijalipwa.